Kesi ilifutwa, lakini fomu ya kazi inauliza. Niandike nini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Nyakato hapa Mwanza, nina mtoto mmoja. Nimesomea ununuzi na ugavi, ngazi ya diploma. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, jina lake naomba nisilitaje. Mimi nilikuwa upande wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara. Wewe ni mtu wa hapa, unajua bondo ni kitu gani. Minofu ndiyo inayojaza makontena, lakini bondo ndilo linalofungiwa kufuli mbili.

Mwaka 2023 mzigo ulipimwa upya kabla ya kusafirishwa ukakutwa umepungua. Funguo tulikuwa nazo watu watatu. Jioni ileile tulibebwa wote, mimi nikiwa bado nimevaa gambuti na lile koti zito la chumba cha baridi. Kituoni tukaandika maelezo, tukapigwa picha, tukachukuliwa alama za vidole, kisha tukapelekwa mahakamani kwa shtaka la wizi wa mtumishi. Nilikaa mahabusu mpaka baba mdogo alipokamilisha barua za dhamana.

Baada ya hapo ikawa tarehe juu ya tarehe. Tukifika tunaambiwa upelelezi haujakamilika, tunapangiwa siku nyingine, tunarudi nyumbani. Mwaka uliofuata mwendesha mashtaka alisimama akasema Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri, anaomba kuliondoa. Hakimu akaandika, akatuambia tumeachiwa. Tulikuwa nje hata kabla sijaelewa kilichotokea. Sikupewa karatasi yoyote. Kiwandani nako hawakuniita tena, na barua ya kuniachisha kazi sijaiona mpaka leo.

Tangu wakati huo nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nachukua mzigo kwa mama mmoja wa jumla, nauza, narudisha hela yake. Nashukuru Mungu, mtoto anakula na ada inalipwa, ila hii siyo kazi niliyoisomea.

Sasa nimepata nafasi kwenye kampuni ya kusambaza vinywaji inayotafuta mtunza stoo. Usaili wa kwanza nimepita. Wamenipa fomu nijaze nyumbani, irudi Ijumaa ya wiki ijayo. Ukurasa wa tatu wameuliza: "Je, umewahi kukamatwa, kushtakiwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote la jinai? Kama ndiyo, eleza." Wameacha mistari miwili tu. Chini unasaini kwamba ukigundulika umedanganya, ajira yako itasitishwa.

Shemeji yangu anasema niandike Hapana, kwa sababu kesi iliyofutwa haipo. Mama anasema nisijichongee, kama wanataka kujua watafute wenyewe. Rafiki yangu mwalimu anasema nimekosea tangu mwanzo, ningeeleza yote kwenye barua ya maombi. Mimi mwenyewe nilikuwa nafikiria kuandika kwamba nilishtakiwa nikashinda kesi.

Tena kwenye tangazo wamesema atakayechaguliwa ataleta cheti cha tabia njema cha polisi na wadhamini wawili. Baba mdogo yuko tayari kunidhamini. Yule bosi wangu wa zamani sijui hata nimwandike au nimwache. Na hii miaka ya dagaa kwenye CV nimeiacha wazi.

Nisaidie Shangazi, Ijumaa siyo mbali.

Mtunza stoo, Nyakato

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Nimefanya kazi ofisi za utumishi miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua za watu, na fomu za namna hiyo nimezitoa na nimezipokea. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza.

Andika Ndiyo.

Hilo tulimalize kwanza. Swali limetaja kukamatwa, likataja kushtakiwa, likataja kutiwa hatiani. Wewe ulikamatwa na ulishtakiwa. Kwa hiyo jibu la swali hilo, jinsi lilivyoandikwa, ni ndiyo. Lingeuliza tu kama umewahi kutiwa hatiani, ningekwambia uandike Hapana, usaini, ulale usingizi, na wala usiongeze hata nukta ya maelezo, maana ingekuwa kweli tupu. Na lingeuliza kama una kesi inayoendelea, jibu lingekuwa Hapana pia. Waajiri wengi huuliza juu ya hatia peke yake, na watu wenye historia kama yako huingiwa na woga wakaanza kueleza mambo ambayo hawakuulizwa. Soma swali mara mbili kabla ya kushika kalamu. Jibu lililoulizwa, lote, na uishie hapo.

Shemeji yako nampenda kwa kukutakia mema, lakini siku utakayoitwa ofisini na fomu ikawekwa mezani mbele yako, yeye atakuwa kwake anakunywa chai. Kesi ilikuwepo. Ilifunguliwa jalada, ikapewa namba, ikasomwa mbele ya hakimu. Kuondolewa kwake hakufuti kwamba ulishtakiwa. Na tazama hesabu yenyewe ilivyo. Shtaka lililoondolewa halimpi mwajiri chochote cha kukushika nacho baadaye. Uongo kwenye fomu uliyoisaini unampa. Sheria zetu za kazi zinataka mwajiri awe na sababu halali ya kumwachisha mtu, na kukosa uaminifu ni sababu anayoweza kuisimamia vizuri hata mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoshughulikia migogoro ya kazi. Utakuwa umemkabidhi sababu mwenyewe, kwa mwandiko wako, kisha uishi ukisubiri siku atakayoitumia. Nimeona mtu akiachishwa baada ya miaka kwa jambo la namna hiyo, na aliyelifukua alikuwa mwenzake waliyekuwa wanagombea cheo. Bosi mwenyewe hata hakuwa analitafuta.

Na Mwanza hii, mwanangu. Dereva aliyekuwa anapakia minofu Ilemela leo anapakia soda Nyegezi. Mtu wa ulinzi kahamia kampuni nyingine. Hao watu wa vinywaji wakipiga simu moja tu kwa watu wa viwanda vya samaki wanapata hadithi yako, na wataipata ikiwa imetiwa chumvi. Ndiyo sababu ushauri wa mama yako siukubali, ingawa namwelewa. Wakitafuta wenyewe watapata ya kwao. Heri wapate ya kwako kwanza.

Sasa nije kwenye lile ulilokuwa unafikiria wewe, maana ndilo lililonishtua kuliko ya shemeji. Usiandike kwamba ulishinda kesi.

Hukushinda. Hukushindwa pia. Hapa naomba unisikilize taratibu, kwa sababu watu husema "kesi ilifutwa" kwa mambo yasiyofanana. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mwendesha mashtaka akiliondoa shauri kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mahakama inamwachia, lakini kuachiwa huko hakuzuii kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Akiliondoa baada ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, hapo mahakama inapaswa kumwachia huru kabisa, na kosa hilo haliwezi kurudi. Halafu kuna yule ambaye mashahidi wa Jamhuri wamekuja wote, hakimu akapima akasema hakuna kesi ya kujibu. Huyo naye anaachiwa huru, na ana haki ya kusema mahakama imemwona hana hatia. Kuna pia Mkurugenzi wa Mashtaka kuiambia mahakama kwamba hataki kuendelea na kesi, na hiyo vilevile huacha mlango wa kushtakiwa tena. Mawakili wana namba za vifungu vya kila moja. Wewe unachohitaji ni kujua yako ni ipi.

Kwa maelezo yako, upelelezi haukukamilika, hakuna shahidi aliyesimama, hukuitwa kujitetea. Yako inaelekea kuwa ile ya kwanza kabisa. Maana yake hakuna hakimu aliyesema uliiba, na hakuna hakimu aliyesema hukuiba. Ukiandika "nilishinda", kisha afisa rasilimali watu akaomba nakala akasoma kwamba shauri liliondolewa na upande wa mashtaka, atakuona mtu anayepamba. Mtunza stoo anayepamba hesabu ndiye wanayemwogopa. Ukiandika kilichotokea kama kilivyo, nakala itakapokuja itakuunga mkono neno kwa neno.

Usiniambie kwamba kweli hii ni ndogo. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inapiga marufuku kumtendea mtu aliyeshtakiwa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Kwako haikuthibitika. Hiyo inakutosha kukaa kwenye kiti cha usaili mgongo ukiwa wima.

Ila sitakudanganya kwamba Katiba itakupa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi, hata kwa mtu anayeomba kazi, na inataja misingi yake: kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, VVU, umri na mingine. Kuwahi kushtakiwa hakumo kwenye orodha hiyo. Kampuni ikikukataa baada ya kusoma maelezo yako, itakuwa vigumu kwako kuibana. Hiyo ni hatari ya kweli na nataka uijue kabla hujaandika Ndiyo. Bado nasema andika, kwa sababu kazi ya stoo utakayoipata kwa uongo utaifanya ukiwa na hofu, na mtu mwenye hofu huanza kuficha hata chupa tatu zilizovunjika.

Kazi yako ya wiki hii ni kupata karatasi. Hukupewa kwa sababu hukuomba, na wengi hawaombi, furaha ya kutoka nje inawasahaulisha. Tafuta hati ya mashtaka uliyopewa wakati ule, ina namba ya shauri na mwaka. Kama imepotea, mwulize aliyekuwa wakili wenu au mmoja wa mlioshtakiwa pamoja. Andika barua fupi kwa hakimu mfawidhi wa mahakama ile, taja namba ya shauri, majina ya washtakiwa, tarehe shauri lilipoondolewa, na uombe nakala iliyothibitishwa ya amri ya kuliondoa, pamoja na mwenendo wa siku ile. Peleka mwenyewe asubuhi, baki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukiambiwa rudi kesho, rudi kesho. Jalada la kesi iliyokwisha huwa limepelekwa masijala na kulitoa huko kunahitaji mtu wa kulifuatilia. Kama Ijumaa itafika hujaipata, ambatisha ile barua yenye muhuri na useme nakala imeombwa. Hiyo peke yake inaonyesha mtu asiye na la kuficha.

Ukiipata, isome. Kwanza hakikisha imeandika kuondolewa, na uone chini ya kifungu gani. Kama kumbe ilikuwa namna nyingine, bora zaidi kwako, basi badilisha maneno yako yafuate karatasi. Kama husomi vizuri lugha yake, wasaidizi wa kisheria wapo, na msaada wao hauna malipo.

Kwenye mistari yenu miwili andika hivi, au karibu na hivi:

"Ndiyo. 2023 nilishtakiwa pamoja na wafanyakazi wenzangu kwa wizi wa mali ya mwajiri. 2024 upande wa mashtaka uliliondoa shauri na mahakama ikatuachia. Sijawahi kutiwa hatiani. Nakala ya amri imeambatishwa."

Usiongeze kitu. Usiandike kwamba bosi alikuchukia, wala kwamba unamshuku mwenzako, wala kwamba uliteseka mahabusu. Uliteseka, najua, lakini fomu hiyo siyo mahali pake. Majina ya wenzako usiyaweke kwenye maelezo yako, nao pia wanatafuta kazi.

Watakuita tena, na hapo ndipo kazi ilipo. Mtu wa utumishi akiona "Ndiyo" kwenye kisanduku hicho anafanya moja kati ya mambo mawili: anaitupa fomu, au anataka kukuona usoni unapoeleza. Huyo wa pili ndiye unayemwandalia maneno. Yaseme kwa sauti nyumbani, mbele ya huyo rafiki yako mwalimu, mpaka yatoke bila kutetemeka. Yasizidi dakika mbili. Anza na kilichotokea, malizia na kilivyoisha, kisha hamia kwenye kazi. Akikuuliza, "Sasa huo mzigo ulienda wapi?" jibu kwamba hujui, kama kweli hujui. Usianze kupiga ramli mbele yake.

Kwenye kazi ndipo unapoweza kung'aa. Uliishi ndani ya stoo ambayo watu watatu walikuwa na funguo za mahali pamoja, mzigo ukapungua, na hakuna aliyeweza kuonyesha ulipungua mikononi mwa nani. Mtunza stoo aliyepitia hapo anajua mambo ambayo hayafundishwi diploma. Mweleze kwamba siku ya kwanza utataka kuhesabu stoo yote pamoja na anayeondoka, nyote wawili msaini. Kwamba kila funguo inapobadilisha mikono iandikwe kwenye daftari, saa na sahihi. Kwamba kadi ya bidhaa na leja vijazwe palepale mzigo unapotoka, si jioni kwa kukumbuka. Kwamba uzito upimwe wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, kwa mzani uleule. (Bondo bichi na bondo kavu havilingani uzito, sihitaji kukufundisha, na nimewahi kujiuliza ni watumishi wangapi wa ziwa hili wamelala ndani kwa ajili ya maji yaliyokauka. Lakini hilo nalo usiliseme kwenye usaili, litasikika kama utetezi.) Ukieleza hayo, anayekusikiliza ataacha kufikiria mahakama na kuanza kufikiria stoo yake.

Rafiki yako mwalimu anastahili jibu pia. Moyo wake ni mzuri ila wakati ndio alioukosea. Barua ya maombi inasomwa haraka, tena na mtu anayetafuta sababu ya kupunguza bahasha mezani. Ukiweka "nilishtakiwa" kwenye aya ya pili, hatafika ya tatu. Hukukosea kutoitaja. Fomu isingeuliza kabisa, ningekushauri uiseme baada ya kuonyesha nia ya kukuajiri na kabla hujasaini mkataba, kwa sababu tu unaomba stoo na shtaka lilihusu stoo. Ungekuwa unaomba kufundisha chekechea au kuendesha trekta nisingekusukuma hivyo. Na kama siku moja utaomba kazi serikalini zile zenye upekuzi, huko usijaribu kupima cha kusema na cha kuacha. Jaza kila kitu kinachoulizwa.

Cheti cha tabia njema, usisubiri uchaguliwe. Alama zako za vidole zilichukuliwa kituoni, kwa hiyo ni vizuri ujue mapema karatasi hiyo itasema nini. Omba mwenyewe, maombi yanafanyika mtandaoni na kuna fomu ya alama za vidole. Kikitoka kisafi, kiambatishe na ile amri ya mahakama. Kikija na neno usilolielewa, nenda na nakala ya mahakama uulize, kabla hujakutana nalo mikononi mwa mwajiri. Na usimpe mtu hela ya pembeni "akusafishie", tafadhali. Utatoka kwenye shtaka lililoondolewa na kuingia kwenye kosa jipya.

Kuna jambo ambalo hukuuliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu makosa ya jinai kwenye kundi la taarifa nyeti, zinazotaka ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Angalia fomu yako, huenda ridhaa hiyo imo pale unaposaini. Sikuzuii kusaini. Ila unapokabidhi, muombe kwa adabu afisa mhusika kwamba maelezo yale yabaki kwenye jalada la utumishi, msimamizi wa ghala na madereva wasiyajue. Ni ombi la haki, na mtu mwenye busara hatalikataa.

Sasa wadhamini. Baba mdogo ni mtu mzuri na alikusimamia wakati mgumu, lakini kabla hajasaini chochote mkae naye. Mdhamini wa mtunza stoo si sawa na wa kwenye CV. Baadhi ya kampuni humsainisha kwamba mali ikipotea atahusika. Amekwisha kukudhamini mahakamani, ana haki ya kujua anachokisaini safari hii, na kusoma ile karatasi ya kampuni mpaka mwisho. Akipigiwa simu na kuulizwa kuhusu kesi, aseme yaleyale uliyoandika wewe. Mpe nakala.

Bosi wa zamani usimweke kama mdhamini wa kwenye CV, lakini kiwanda kiandike kwenye historia ya kazi, jina na miaka, usikiruke. Kukiruka ni kuacha shimo kubwa mahali pale pale watu watakapochungulia. Badala ya maneno ya bosi, dai cheti cha utumishi. Sheria ya ajira inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho ajira inapokoma, na wewe hukupewa. Andika barua ya kukiomba, ipeleke mapokezi, ibaki nakala yenye muhuri. Cheti hicho kinaeleza ulifanya kazi gani na kwa muda gani. Kuhusu kukuacha hewani bila barua wala usikilizaji, hilo lilikuwa dai la kupeleka kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Umechelewa sana, unaweza kuomba msamaha wa kuchelewa lakini utatakiwa kutoa sababu nzito. Muulize mwanasheria kama inafaa, ila usilichanganye na hili la Ijumaa. Kuna msimamizi wako wa zamu au mwenzako wa idara nyingine, aliyekuwa akipokea mzigo kutoka kwako kila siku? Huyo anafaa zaidi kuliko bosi. Mpigie kwanza, umsikie sauti yake kabla hujaandika namba yake.

Halafu hiyo miaka ya dagaa. Kwa nini umeiacha wazi? Andika: mfanyabiashara wa dagaa, Mwaloni, Kirumba, 2024 hadi sasa. Eleza unapokea mzigo kwa mkopo, unauhesabu, unautunza usipate unyevu, unauza na kurudisha fedha za watu. Ni kazi ya stoo hiyo, tena bila mshahara wa kukusubiri mwisho wa mwezi. Yule mama wa jumla anayekupa magunia kwa neno lako tu, muombe awe mdhamini wako wa pili. Mweleze ni ya nini, akikubali andika jina lake na namba, ile anayoipokea hata akiwa sokoni.

Shangazi